Mutoto mwenye sukari haponi kwa njaa



Mama mumoja anayekaa katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, upande wa Kolwezi, ameniandikia barua ya kurasa mbili. Binti yake ana miaka 11. Tangu mwezi wa tatu wamejua kwamba ana ugonjwa wa sukari, na kila siku anapigwa sindano ya insulini mara mbili, asubuhi na mangaribi. Lakini barua haisemi sana juu ya sindano. Inasema juu ya sahani. Bibi ya mutoto alisema: bukari ni sukari, basi asile bukari. Shangazi akaongeza: maembe hapana, ndizi hapana, mafuta hapana. Jirani naye akakataza nyama na karanga, sijui kwa sababu gani. Sasa mutoto anakula sombe kidogo na chai bila sukari, na mama anaandika hivi: "Pasta, niko namulinda asikufe na sukari, sasa iko nakauka kama lukuni. Nifanye namna gani?"

Mama, nakujibu waziwazi, na wengine wenye watoto wa namna hii wasikilize: umupe bukari. Umupe leo, pamoja na insulini yake, na maharagi, na mafuta, na samaki. Kisha urudi kusoma hii barua yangu yote polepole.

Nina sababu ya kusema kwa nguvu. Mwaka 2009 nilikuwa nimetoka tu kwenye shule ya Biblia, nikapewa kanisa dogo katika muji mumoja wa madini. Jamaa moja waliniita juu ya kijana wao wa miaka 9. Alikuwa anakonda. Usiku alikuwa anakunywa maji ya ndoo kama mutu aliyetoka karieri, na alikuwa anakojoa kitandani, yeye ambaye aliacha mambo hayo tangu miaka 3. Wakubwa wa jamaa walikuwa wamekwisha kukata neno: bulozi. Walisema anakula usiku na walozi, njo maana muchana anakula sana na hanenepi. Mimi sikukubali neno la bulozi, na kwa hiyo nilijiona mutu wa akili. Nikatoa dawa yangu mimi: jamaa yote wafunge siku tatu, na mutoto pamoja nao.

Siku ya pili, mangaribi, mutoto alianza kutapika na kuhema kwa nguvu kama mutu aliyekimbia, na kinywa chake kilitoa harufu ya nanasi lililoiva kupita kipimo. Tulimubeba kwenye kituo cha afya. Pale waliona mutoto asiye na nguvu, wakasema ni malaria na njaa, wakamutia serumu ya glikozi. Ndiyo kusema, tulikuwa tunaongeza sukari katika damu iliyokwisha kujaa sukari. Asubuhi muuguzi mumoja muzee aliona sisimizi wamejaa kwenye kitambaa mutoto alichokojolea. Akapima mukojo. Alipokuja kutuita, mutoto hakuwa anaitika tena. Tulimuzika Siku ya Posho.

Sijaandika jambo hili katika ukurasa huu mbele ya leo. Nilienda kwanza kumuuliza mama yake. Alinyamaza, kisha akasema: "Andika, Pasta. Bengine basikie."

Sasa tuelewe ugonjwa wenyewe. Wazee wa kambi wanakumbuka siku za kugawa posho. Fikirini depo imejaa bunga mpaka kwenye bati, lakini mwenye ufunguo hakufika. Watu wamesimama kwa mustari, mifuko ni wazi, njaa inawauma, na bunga iko pale. Mwili wa mutoto mwenye sukari uko vile. Chakula kinaingia, kinakuwa sukari katika damu, lakini insulini, ile inayofungua kusudi sukari iingie katika nyama ya mwili, haiko. Damu inajaa, figo zinatupa sukari inje na mukojo, mukojo unavuta maji, na mutoto anasikia kiu. Mwili ukikosa posho unaanza kula mafuta yake wenyewe na nyama yake wenyewe. Moshi wa moto ule ni asidi, na asidi njo inaleta kutapika, kuhema na ile harufu. Ukimufunga chakula mutoto kama huyu bila insulini, haufungi ugonjwa. Unaongeza kuni.

Ile bibi ya mutoto, musimucheke. Shauri lake lina zaidi ya miaka 100, na wanganga wakubwa wa Marekani walilifuata. Mbele ya mwaka 1922 hapakuwa na insulini, na njia moja tu ya kumuchelewesha mutoto asife ilikuwa kumupimia chakula kidogo, kidogo, kidogo. Elizabeth Hughes alikuwa binti wa waziri wa mambo ya inje wa Marekani. Nyumba yao haikukosa mukate. Lakini alipofika Toronto, inchi ya Kanada, mwezi wa 8 mwaka 1922, alikuwa karibu kutimiza miaka 15 na uzito wake ulikuwa kama kilo 20 tu. Kule Toronto, mwezi wa kwanza wa mwaka ule, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa amepigwa insulini, wa kwanza kabisa. Elizabeth naye akapigwa sindano, wakamurudishia chakula cha kutosha, akanenepa, akasoma, akaolewa, akazaa. Alikufa mwaka 1981. Kwa hiyo bibi anatupa dawa ya wakati ambapo sindano haikuwako. Leo sindano iko. Chakula kirudi mezani.

Hata Yesu, alipomwinua binti ya Yairo, ambaye alikuwa na miaka 12, aliagiza kwamba wamupe chakula. Nilihubiri sura ile mara nyingi bila kusimama pale.

Basi, sahani iwe namna gani? Kwanza, musimupikie mutoto chungu chake peke yake. Akule chungu cha nyumba. Bukari yake ipimwe kwa ngumi yake mwenyewe: kwa mutoto wa miaka 11, ngumi kama mbili kwa kila chakula kikubwa ni mwanzo muzuri, na muuguzi atasema kama inapaswa kuongeza. Jambo kubwa ni kwamba kipimo cha leo kiwe kipimo cha kesho, na saa ya leo iwe saa ya kesho, kwa sababu insulini aliyopigwa asubuhi haijui kama leo ni sikukuu ao ni siku ya taabu. Bukari ya mahindi iliyochanganywa na muhogo ni nzuri kuliko ya muhogo peke yake, maana muhogo hauna ya kujenga mwili. Kando ya bukari weka mboga nyingi: sombe, lengalenga, matembele. Mboga hizo hazipandishi sukari sana, akule mpaka ashibe.

Halafu vile vya kujenga mwili, ambavyo jirani alikataza bila sababu. Maharagi. Kapenta. Bitoyo iliyolowekwa kutoa chumvi. Vinkubala wakati wake, na ninajua kuna vijana wa muji wanaona haya kula vinkubala siku hizi. Waulize wazee wao walikulia nini. Yai moja la kuku wa nyumba lisiende sokoni siku zote. Karanga zilizosagwa, zitiwe ndani ya sombe. Mafuta ya ngazi pia: gramu moja ya mafuta inabeba kalori 9, gramu moja ya wanga inabeba 4, na mafuta hayapandishi sukari kama bukari inavyopandisha. Kwa mutoto aliyekauka, kijiko cha mafuta katika mboga ni rafiki. Uji wa asubuhi uchanganywe: vikombe vitatu vya bunga ya mahindi, kimoja cha soya iliyokaangwa vizuri na kusagwa.

Kitu cha kuacha ni sukari ya kunywa: sukre ya chupa, munkoyo iliyotiwa sukari, chai ya vijiko vine. Ile inaingia katika damu kwa mbio sana. Embe anaweza kula, moja, pamoja na chakula, si matano chini ya muti. Na siku ya arusi apewe kipande cha keki kama wenzake, mama akijua na akihesabu. Mutoto anayekatazwa vyote anaiba vyote.

Mwezi wa kwanza wa insulini mutakuwa na mushangao: mutoto atakula kama wachimbaji watatu. Musiogope na musimufiche chungu. Mwili unadai deni lake. Mwambieni muuguzi kusudi aongeze insulini kufuatana na chakula, hapana kupunguza chakula kufuatana na insulini.

Hapa tunafika kwenye jambo gumu, na sitaki kulipita mbio. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mara moja, katika ule mupango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi. Tangu pale nyumba nyingi zinakula kufuatana na kile baba ao mama alichopata siku ile. Ziko nyumba zenye kula mara moja, saa kumi na mbili mangaribi, basi. Lakini muuguzi anapouliza, "Munakula mara ngapi?", tunajibu mara tatu. Haya inatushika. Sasa muuguzi anapima insulini ya mutoto anayekula mara tatu, na mutoto anakula mara moja, na saa nne ya asubuhi anaanguka katika kalasi. Wazazi, semeni ukweli pale kituoni. Muuguzi anaweza kupanga insulini kufuatana na maisha yenu yalivyo, lakini si kufuatana na maisha ya uongo. Na nyumbani, ile chungu moja ya mangaribi muigawe: sahani ya mutoto ya asubuhi itolewe mbele ya watu wote kuanza kula, ifunikwe, na kaka zake wasiiguse. Wala musimupige insulini ya chakula kama chakula hakijaonekana. Anayetumia ile ya kawaida anangoja nusu saa kisha kupigwa. Basi bukari iwe imekwisha kuiva ndipo sindano itoke.

Lakini kuacha insulini kabisa, hapana. Hata siku ya njaa, hata siku ya homa. Siku kama hiyo nendeni kituoni mupewe kipimo kinachofaa siku ile.

Sukari ikishuka mutajua namna hii: jasho, kutetemeka, njaa ya gafula, hasira bila sababu, maneno kama ya mulevi. Kama muko na mashine ya kupima, chini ya 70 ni hatari. Hapo sukari inakuwa dawa: vijiko viwili vidogo katika maji kwa mutoto mudogo, vitatu ao vine kwa mukubwa, ngoja dakika 15, pima tena ao angalia tena, kisha apewe chakula. Kama amezimia, usimumwagie kinywaji mudomoni, kitaingia katika mapafu. Mulaze ubavu, weka sukari kidogo yenye kulowana chini ya ulimi, na mukimbie hospitali. Mutoto aliyekonda anashuka upesi kuliko mwenye mwili, maana ini lake halina akiba. Mwalimu wake ajue mambo haya, na mufuko wa masomo usikose karanga na sukari iliyofungwa katika karatasi.

Kuna neno pia kwa wamama wanaopita nyumba kwa nyumba na ile kanda ya kupima mukono wa watoto wadogo. Kanda ikifika kwenye nyekundu, chini ya sentimeta 11.5, munapeleka mutoto kwenye kituo cha lishe, na munafanya vizuri. Lakini kanda inasema tu kwamba mutoto amekonda, haisemi sababu. Mutoto wa kwashi anavimba miguu, nywele zinageuka nyekundu, hataki kula. Mutoto wa sukari anakonda na huku anakula, anakunywa, anakojoa. Ulizeni swali moja zaidi: anakunywa maji namna gani, na usiku anaamuka mara ngapi? Tone moja la damu katika mashine linatoa jibu kwa dakika moja. Na kama mutoto ana magonjwa yote mawili, maziwa ya dawa na ile pakiti ya karanga ya Plumpy'Nut havikatazwi. Vinatolewa pamoja na insulini, hospitalini, wakimupima mara na mara.

Wanganga wenyewe wameendelea kujifunza juu ya njaa na sukari. Mwaka 1955, kule Jamaika, walieleza ugonjwa wa sukari wa watu wakondefu ambao haukufanana na mingine. Mwaka 1985 Shirika la Afya la Ulimwengu liliupa nafasi katika orodha, mwaka 1999 likauondoa. Mwezi wa 4 mwaka 2025, katika mukutano wa Bangkok, Muungano wa Kimataifa wa Ugonjwa wa Sukari uliukubali tena kwa jina la aina ya 5. Unashika zaidi vijana waliokosa chakula tangu utoto. Kongosho lao linatoa insulini, lakini kidogo, na insulini nyingi ya sindano inaweza kuwaangusha. Vijana wakondefu wenye sukari, musinunue dawa sokoni kufuatana na dawa ya jirani.

Mama aliuliza pia juu ya frigo, maana umeme unakuja kama mugeni. Chupa ambayo haijafunguliwa itunzwe kwenye baridi, kati ya digri 2 na 8, hata kituoni kama kuna frigo pale. Ile inayotumika inaweza kukaa nyumbani wiki nne. Katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, inchi ya Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka na wenzao wa Geneva walipima insulini iliyokaa kwenye joto lenye kupanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 kwa wiki nne, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba nguvu yake ilibaki. Kwetu mutungi wa udongo uliolowekwa maji, kwenye kivuli, unatosha. Chupa ikae ndani ya kikombe kikavu. Isiguse barafu. Insulini iliyoganda imekufa. Na juu ya bei: ziko programu kama Life for a Child zinazosaidia watoto wa inchi maskini kupata insulini na vipimo. Ulizeni kwenye hospitali kubwa, musinyamaze.

Mwisho wa barua, mama anaandika kwamba vijana wa kanisa lao watafunga siku mbili mbele ya Pasaka, na binti yake analia, anataka kufunga pamoja nao kusudi Mungu amuponye. Mama, mwambie kwamba Pasta amekataza. Aende kwenye maombi, aimbe, akae na wenzake, na saa ya chakula ikifika atoe sahani yake akule pale pale, mbele ya wote. Kiongozi wa vijana akisema neno, umuonyeshe ukurasa huu. Na mwezi ujao umupime uzito, uniandikie kilo ngapi.